Ruksa Atangulie

Masunga wa Ngulyati alikuwa na maksai aliyempenda kupita kiasi, mzaliwa wa mwaka ule nchi nzima ilipojaa neno moja: ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kila mtu na biashara yake. Basi akamwita Ruksa, na jina likamkaa vizuri, maana hapakuwa na shamba la jirani alilolinyima heshima ya kulionja.

Mkewe, Milembe, alihitaji ruksa ya namna nyingine. Mjini Bariadi kilikuwa kimefunguliwa kituo cha teknolojia, kikifundisha kukamua alizeti kwa mashine ya mkono na kuwakopesha wanavijiji mashine hizo. Sharti lilikuwa moja: mume na mke waje pamoja. Milembe alichoka kuiona alizeti ya Ngulyati ikiondoka kwa magunia na kurudi kwa vibaba vya mafuta. Akamwomba mumewe kwa upole, akarudia kumwomba. Masunga akakataa, kisha akatangaza mbele ya wenzake kwenye josho la ng'ombe:

"Mke wangu hana ruksa ya kwenda huko. Na mimi mtaniona kituoni siku Ruksa atakaponitangulia."

Wenzake wakacheka, na maneno yakamfikia Milembe kabla mwenyewe hajafika nyumbani. Mola atuhifadhi na ndimi zetu.

Milembe hakulumbana. Alimwendea jirani yake Specioza, aliyekwisha kujifunza kituoni, akapewa mashudu aliyoyaleta kutoka huko, yale makapi yabakiayo alizeti ikishatoa mafuta. Kila jioni mumewe akienda kuoga, Ruksa alifanyiwa karamu. Masunga akamwona mnyama ananawiri, akalisifu jicho lake la mfugaji.

Msimu wa kuuza pamba ukafika. Ruksa na mwenzake wakauvuta mkokoteni kuelekea mjini, Masunga ubavuni na bakora, Milembe juu ya mafurushi. Walipokikaribia kituo, Ruksa akainua pua. Upepo ulikuwa umebeba harufu aijuayo. Akaiacha njia, akamburuta mwenzake, mkokoteni na heshima ya Masunga, akapita langoni na kuzamisha mdomo katika lundo la mashudu. Bakora haikumsogeza. Masunga akahamia kwenye kubembeleza, akimwita baba, mwishowe babu.

Mwalimu wa kituo, Januarius, akatoka na kuwaamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," kwa utulivu, kama aliyekuwa akiwangojea.

Milembe akashuka taratibu, akajifunga kanga vema.

"Baba Shida," alimwambia mumewe, "Ruksa ametangulia."

Masunga akatazama barabarani. Wenzake wawili wa josho walikuwa wamesimamisha mikokoteni yao, kama watu wanaosikiliza mawaidha. Mashahidi walikuwa wametimia. Akavua kofia.

"Mimi nimemfuata ng'ombe tu," akamwambia Januarius.

"Wengi huja hivyo, baba."

Akaonyeshwa mpini wa mashine, akausukuma mara moja kwa kutimiza kiapo. Mafuta yalipochuruzika akausukuma tena, na tena, hata Milembe akalazimika kumkumbusha kuwa mwanafunzi ni yeye Milembe.

Mashine ikafika Ngulyati. Siku hizi alizeti hukamuliwa palepale, mafuta huuzwa hadi minadani, na mashudu huwanenepesha maksai wa kijiji kizima. Masunga ndiye msemaji mkuu wa fani hiyo. Akiulizwa ni nani aliyempa mkewe ruksa, hujibu bila haya:

"Yuko zizini. Kamshukuruni mwenyewe, ila msiende mikono mitupu."