Kipeo Aenda Kumsemea Binti

Mwalimu wa hesabu, ambaye wanafunzi walimwita Kipeo wakidhani mama wa watu hajui, alikuwa akisahihisha madaftari pale binti wa kidato cha nne alipokuja kusimama mlangoni.

"Mwalimu, nataka kuwa fundi wa kuchomelea vyuma."

"Vizuri. Tatizo nini?"

"Baba anataka niwe daktari."

"Umeongea naye?"

"Nimemwambia utakuja Jumamosi."

Kipeo akaweka kalamu chini. Miaka mitatu binti huyu amekuwa akimletea kila kitu: alama mbovu, mashoga waliomsusa, hata jino lililomuuma. Ila kupangiwa Jumamosi yake kulikuwa jambo jipya. Akaenda.

Baba mtu alikuwa fundi cherehani. Alipomwona mgeni alisimama, akatoa pini mdomoni, akafunga kifungo cha juu cha shati.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Tunafahamiana?"

"Ulinifundisha. Nilikaa nyuma, kwenye dirisha lisilofungika."

Dirisha Kipeo alilikumbuka. Sura, hapana.

Akaeleza kilichomleta: binti ana mkono mtulivu na jicho la vipimo, na lango la shule sasa linafungika kwa sababu yeye ndiye aliyelichomelea. Fundi alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nami nilitaka udaktari," akasema. "Ukaniambia mbele ya darasa kwamba kwa hesabu zangu hata kipimajoto kitanishinda. Wakacheka. Na mimi nikacheka."

Binti akainamia vipande vya vitambaa sakafuni.

Kipeo angeweza kusema hakumbuki, na ingekuwa kweli, lakini ukweli huo ungezidi kumtia aibu.

"Nilikosea," akasema. "Nilikuwa mgeni kazini, nikadhani ukali ndio ualimu. Niwie radhi."

Fundi akafungua kile kifungo cha juu cha shati.

"Yamekwisha," akasema. "Afaulu hesabu kwanza. Karakana nitamtafutia mwenyewe."

"Atafaulu. Juzi kapata sitini na mbili."

"Hamsini na nane, mwalimu," binti akasema.

"Wewe nyamaza, nakusemea."

Tangu Jumatatu iliyofuata Kipeo na binti walibaki darasani kila siku baada ya vipindi, wakipiga hesabu na kupiga soga, soga zikizidi kidogo. Matokeo yalipotoka, binti alikuwa na sabini na moja. Baba yake alimpeleka karakana kwa miguu, akiwa amevaa suti aliyojishonea mwenyewe, na cheche zikaitoboa suti hiyo mkono wa kushoto asubuhi hiyohiyo.