Bido la Mama Mstarini

Kwetu Nakivale, makazi ya wakimbizi huku Uganda, mtu hasimami mstarini kutwa nzima. Bido lake ndilo linalosimama. Unaliweka kwenye bomba nyuma ya la mwenzako, unakwenda zako shambani au sokoni Base Camp, na ukirudi unalikuta limesogezwa mbele na mikono ya watu usiowajua hata kwa sura. Bido ni dumu la njano la lita ishirini tu, lakini likiwa mstarini limekuwa ndiye mwenye bido. Jaribu kulisukuma kando ili upite. Utasikia sauti kumi kwa mpigo, za Warundi na za Wakongomani: "Hapo kuna mtu!"

Nimekulia ndani ya sheria hiyo tangu nikiwa na miaka kumi, tulipotoka Burundi. Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kusomea uuguzi Mbarara, mama yangu Ancilla hakunifungia kitenge wala sufuria. Alinipa bido lake, lile lenye herufi A aliyoichora kwa rangi nyekundu ya kucha.

"Chukua hii, Doriane," aliniambia. "Mwenye maji hashindwi masomo. Vingine utavipata kule kule."

Wiki ya kwanza hosteli, niliamka alfajiri, nikaliweka bido kwenye bomba la uani, nikarudi chumbani kupiga pasi sare yangu. Niliposhuka nililikuta limelala ubavu ukutani, na mahali pake msichana mmoja mrefu anajaza beseni lake bila wasiwasi wowote.

Mimi hasira zangu haziko mbali. Mama husema zinalala mlangoni, hazijawahi kuingia ndani.

"Hapo kuna mtu!" nilifoka.

Msichana akatazama kulia, akatazama kushoto. "Mutu iko wapi?" akauliza. "Mimi naona tu jerikeni."

Uani walicheka mpaka mwingine akamwaga maji yake. Nilimrushia matusi mawili ya Kirundi, nikapanda ngazi na bido tupu. Jioni msimamizi wa hosteli akanihamishia chumba kingine, kwa kuwa kile changu kilikuwa kinavuja, na humo nikamkuta yule yule msichana amekaa kitandani akila karanga. Anaitwa Orpa. Kwao ni Kamukuzi, hapo hapo Mbarara, na Kiswahili chake alikiokota utotoni katika nyumba za polisi alikokuwa akifanya kazi baba yake.

"Wewe unatoka wapi?" aliniuliza.

"Isingiro," nilisema.

Sikudanganya. Nakivale iko wilaya ya Isingiro, mwenye ramani na aangalie. Lakini nilijua ninachokificha, na kitambulisho changu cha ukimbizi nilikizika chini kabisa ya sanduku, chini ya nguo za baridi. Nilitaka kuwa mwanafunzi tu, kama wengine, walau kwa muhula mmoja.

Basi tukaishi hivyo, Orpa na mimi, wiki sita. Tulizungumza habari za ufunguo na taa. Darasani niliandika kila neno la mwalimu kisha nikakaa usiku kulitafutia maana, kwa sababu hapa wanafundisha kwa Kiingereza na mimi shule yangu ya mwanzo ilikuwa ya Kifaransa. Na kwenye bomba nilisimama mwenyewe, miguu yangu miwili, nikilishika bido mkono kama mtoto mtoro. Upweke nilioupata wiki zile sikuwa nao hata siku tuliyovuka mpaka. Siku ile tulikuwa wengi.

Kisha ikaja habari ya mazoezi ya wodi. Hospitali ya mjini ilikuwa na nafasi arobaini, na sisi tulikuwa hamsini na wawili. Watakaofika mwisho kwenye dirisha la ofisi ya chuo kujiandikisha wangepelekwa vituo vya afya vya mbali, Oruchinga na Nakivale. Nilitaka wodi ya upasuaji, nilitaka kuona yale ambayo kituo kidogo hakina. Na nitasema na lingine: sikutaka kurudi Base Camp baada ya miezi miwili, nimevaa sare, nikapite mbele ya wanawake wa sokoni nikiulizwa kama nimefukuzwa.

Asubuhi hiyo hosteli haikuwa na maji. Niliteka kwenye bomba la chuo, na kwa kuwa watu walikuwa wameanza kujipanga ofisini, nilikwenda moja kwa moja na bido langu lililojaa. Nilikuwa wa ishirini na nne. Wa ishirini na tano alikuwa Orpa. Tulisalimiana kama majirani wenye kesi.

Saa tatu mama wa ofisi akatoa kichwa dirishani. "Kila mtu na kopi ya kitambulisho," alisema. "Kadi ya chuo haitoshi."

Wenzangu walitoa vitambulisho vyao vya taifa mifukoni, kopi walishazitoa zamani. Changu kilikuwa chini ya nguo za baridi. Kwenda hosteli, kutafuta pa kutoa kopi, kurudi: karibu saa nzima. Nilisimama pale nikiwa na machozi ya hasira, na hasira zenyewe zilikuwa za kujikasirikia mwenyewe.

"Wewe enda," Orpa alisema nyuma yangu. "Wacha jerikeni. Mimi nitaangalia."

Nilimtazama. Huyu! Lakini sikuwa na mwingine.

Nilikimbia. Duka la kwanza la kopi halikuwa na umeme, la pili lilikuwa na watu. Niliporudi nikihema, mstari ulikuwa umebaki mfupi, na Orpa amesimama kando ya dirisha, mkono wake umeshika mpini wa bido. Lita ishirini alikuwa amezisukuma kwa goti, hatua kwa hatua, mpaka mbele. Watu waliokuwa nyuma yetu walikuwa wanapita, mmoja baada ya mwingine, wanaandikwa, wanaondoka.

"Nyabo, dada yangu, mimi siandiki majerikeni," mama wa ofisi alikuwa anamwambia. "Leta karatasi zako wewe nikuandike."

"Mimi iko nyuma yake," Orpa alijibu. "Apa iko mutu, madamu. Anakuja."

Nilipenyeza kopi yangu dirishani. Mama wa ofisi akaisoma kwa sauti, si kwa ubaya, ndivyo alivyowasomea wote. "Mkimbizi. Nakivale." Waliobaki mstarini wakanigeukia. Kisha akaandika jina langu, akafunga daftari moja, akafungua jingine.

"Huyo ni wa arobaini. Mjini kumejaa," alisema. "Wewe, Oruchinga au Nakivale?"

Orpa alinigeukia. "Kwenu ni kuzuri?"

Niliinama nikashika mpini wa bido.

"Nakivale," Orpa alimwambia mama wa ofisi.

Ningesema tubadilishane. Neno lilikuwa mdomoni, nililisikia kwenye meno. Sikulisema. Niliitaka ile wodi, na aibu ya kunyamaza ninayo mpaka leo. Tukiwa tunabeba bido pamoja kurudi hosteli, kila mmoja upande wake, nilimuuliza kwa nini hakuandikishwa kwanza.

"Siku ile ya kwanza mimi nilipita juu yako," alisema. "Mara mbili, hapana."

Maji yale tulifulia sare zake. Jumapili alipofunga mzigo nilimpa bido. Nilimwonyesha ile A, nikamwambia wakiiona watamjua ni wa nani.

Jumatano mama alipiga simu, nikatoka wodini kuipokea.

"Doriane, kuko msichana hapa kwenye robine ya maji, ana bido yangu," alisema. "Ni yule mwenzako?"

"Ndiye, mama. Kuna nini?"

"Amesimama kando yake tangu asubuhi, jua linamuchoma. Tunamwambia aende akae, zamu ikifika tutamwita. Anakataa. Anasema iko mutu, hawezi kumwacha. Umwambie wewe, mwanangu. Hapa hakuna mwenye ataigusa."

Nilimwomba ampe simu. Nilisikia mabido yakigongana, na mtu akicheka, na bomba.

"Orpa," nilisema, "liache. Nenda ukakae kivulini."



"Uko na hakika?" akaniuliza.

"Nina hakika," nilimwambia, nikaongeza kwamba muhula ujao nitakuja huko kwa mazoezi mimi.