Kete za Ngongoti

Uvumi ulisema kijana wa fundi cherehani anatembea na kete.

Uliletwa na Mama Mapacha wa saluni, aliyekuja kuchukua gauni lake lililopunguzwa kiuno.

"Mimi sisemi kitu, shoga yangu," alisema. "Nasema nilichosikia tu. Mwanao, yule Ngongoti, ana kete. Ameonekana na mwenzake wanafungua kopo, wanachungulia, wanafunga haraka haraka."

Kisha akalijaribu gauni, akajigeuza mbele ya kioo, akasema linabana kwapani.

Kete, kwa asiyejua, ni neno lenye nyumba mbili. Ziko kete za kuchezea, zile za bao na drafti. Na ziko zile zinazouzwa vichochoroni zimefungwa kwenye nailoni, ambazo kijana akishazionja anaanza kuuza masufuria ya mama yake. Mama mwenye mtoto mmoja haanzi na maana ile ya kwanza.

Mama alijaribu kuupuuza huo uvumi. Aliuweka pembeni akashona kola, kola ikatoka imepinda. Aliufagia pamoja na vipande vya vitambaa, ukarudi kabla hajarudisha ufagio mahali pake. Alikwenda jikoni kutazama masufuria. Yalikuwepo yote, hata lile lisilo na mkono, akajiambia labda bado hajafika huko.

Ngongoti alikuwa akibeba saruji ghalani. Jina alipewa shuleni kwa sababu ya miguu yake, iliyokuwa mirefu kuliko madawati. Siku hizi wageni waliuliza jina hilo lilitoka wapi, maana walimwona mtu wa kawaida tu. Mama alikuwa akimkunjia pindo za suruali, akimaliza kukunja zinaburuzika tena, na lawama zote alivitupia viwanda.

"Vitambaa vya siku hizi vinatanuka," alikuwa akisema.

"Ni kweli, mama," Ngongoti alijibu, kwa sababu alikuwa amechoka.

Jumamosi mchana, kijana alipoingia kuoga, mama alifungua mkoba wake. Alikuta kopo la biskuti lenye kifuniko kilichotobolewa kwa msumari. Alilifungua akiwa amefumba jicho moja. Ndani, juu ya vipande vya flana alivyovitambua kuwa vya kwake, walikaa wanaume wenye urefu wa kidole, wamevaa ovaroli na buti za mpira. Waliokuwa wamelala waliamka. Mmoja alivua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," mama alisema kwa furaha. Kumbe zilikuwa kete za kuchezea. "Mmekula?"

"Tulikula asubuhi. Ila mkate ukiwepo hatukatai."

Aliwamegea mkate na kuwawekea chai kwenye kifuniko cha chupa ya mafuta ya cherehani, baada ya kukiosha kwa sabuni. Ngongoti alitoka bafuni na taulo begani.

"Mama! Unapekua mkoba wangu?"

"Sipekui. Nalisha wageni wako."

"Si wageni hao. Hiyo ni timu yangu."

Basi akakaa akamweleza. Ghalani saruji hubebwa kichwani. Kila mfuko unaokaa juu ya kichwa cha mtu hubaki na kidogo cha urefu wake, na ule urefu hupakiwa pamoja na mfuko kwenye lori na kwenda kujenga maghorofa ya watu. Hakuna anayelalamika, kwa sababu wote hupungua pamoja na hakuna wa kumtazama akajua. Mtu akishashindwa kuufikia mfuko, msimamizi humwita mezani, humshukuru, na humpa mkono wa kwaheri, yaani kidole. Kisha humweka dirishani kwa kantini ili ndugu zake waje wamchukue. Ndugu hawaji, maana wameambiwa tu kwamba ameacha kazi. Ngongoti alikuwa akipita pale akienda kunywa maji. Aliwaona wananyeshewa. Walikuwa ndio waliomfundisha kubeba alipoanza, namna ya kukunja kata ya kuweka kichwani na namna ya kuvuta pumzi.

"Na huyu aliyevua kofia," mama alisema, akivaa miwani yake ya kutungia uzi, "mbona kama namfahamu?"

"Ni Baba Mapacha," alisema Ngongoti.

Mtaa mzima ulijua kwamba Baba Mapacha alimkimbia mkewe akaenda kuishi na mwanamke wa duka la vioo. Mama Mapacha mwenyewe ndiye aliyeutangazia mtaa habari hiyo, na tangu hapo alikuwa hasalimiani na yule mwanamke wala hajitazami kwenye kioo kilichotoka dukani kwake. Mama Mapacha akaitwa. Alikuja na kitana mkononi, akainamia kopo.

"Kumbe uko hapa."

"Nipo."

"Na yule mwanamke wa vioo?"

"Mwanamke yupi?"

Mama Mapacha alifikiri kidogo. "Basi, yaishe," alisema. "Umekonda."

"Ni kazi."

"Naona."

Alitaka kumchukua saa ile ile, amweke kwenye droo ya vibanio. Lakini Baba Mapacha alisema hawezi kuwaacha wenzake kabla ya mashindano, na hapo ndipo mama alipopata kusikia habari za mashindano.

Ni mchezo wa mezani, na wanaoucheza ni watu wazima wenye kazi zao. Ubao una miraba kama karatasi ya hesabu. Kila upande unasimama na kikosi cha vijitu vya plastiki, ambavyo mwenyewe hukaa navyo kibarazani akivipaka rangi kwa brashi nyembamba kama kope. Mpira ni shanga moja. Unarusha dadu, unasogeza vijitu vyako, na ukifaulu kuibeba shanga mpaka ikavuka mstari wa mwisho wa mwenzako, umefunga. Mwaka huo mashindano yalidhaminiwa na tajiri wa ghala. Mshindi angepata kikombe na kazi ya kukaa.

Ghalani kazi ni za aina mbili, ya kubeba na ya kukaa. Wanaokaa hawapungui. Wapo wanaoongezeka, ila ubavuni.

Mama alichukua futi kamba yake shingoni, akamsimamisha mwanawe ukutani akampima. Alikuwa sawa na yeye. Aliizungusha futi kidoleni, akaona wazi kwamba mtoto huyu asipokipata hicho kiti, ovaroli zake zitakuja kushonwa kwa sindano ya kutarizi.

"Utashinda na hawa?" aliuliza.

"Sijui. Rafiki yangu anataka kuniazima simba wake. Wa plastiki, wana nguvu, wameshinda mara nyingi."

"Si uazime!"

"Mama, hii ndiyo timu yangu," alisema Ngongoti, na humo koponi wakapiga makofi ambayo hayakusikika.

Mashindano yalifanyika kwenye ukumbi wa mikutano, na feni ya katikati ilizimwa ili isipeperushe wachezaji. Refa alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Alipita na lenzi kukagua vikosi, maana kanuni inasema kila kijitu kipakwe rangi zisizopungua tatu. Alimwinamia Baba Mapacha kwa muda mrefu.

"Bluu ya ovaroli. Nyeusi ya buti. Kahawia ya mwili. Kazi safi sana hii, kijana. Umepaka mpaka jasho!"

"Ahsante, mwalimu," alisema Baba Mapacha.

Refa aliandika kwamba kikosi kimekubaliwa. Kanuni hazikusema lolote kuhusu kupumua.

Michezo ya mwanzo walishinda bila kelele. Watu wa Ngongoti hawakujua kukwepa wala kupiga chenga, lakini hawakuangusha kitu. Walijipanga mstari, shanga ikatoka bega hili kwenda bega lile kama mfuko unavyopandishwa kwenye lori. Adui akiwapiga kumbo walisema "samahani" na kuendelea. Mama alikaa mstari wa mbele na mkoba wake mapajani, akiwa na mkate mkavu, bandeji na pini, kwa ajili ya lolote.

Tajiri naye alikaa mstari wa mbele, kwenye kiti chenye mto. Mapumziko yalipofika alisogea mezani na kuwatazama.

"Huyu si aliwahi kuwa wangu?" aliuliza.

"Wote ni wako, bosi," alisema Ngongoti.

"Wametunzwa vizuri," alisema tajiri, akamwuliza anatumia rangi ya kampuni gani.

Kwenye fainali Ngongoti alikutana na mfamasia, mtu mpole mwenye kucha safi, aliyekuja na kikosi cha majitu ya chuma. Majitu yalikuwa yamepakwa rangi ya fedha, yamekunja nyuso, na kila moja lilijaza mraba wake likamwagikia wa jirani. Walicheza mchana kutwa bila kufungana. Wabebaji wawili waliumia wakawekwa nje, na Mama Mapacha, aliyekuja kumtazama mumewe, akawafunga bandeji. Kisha, katika zamu ya mwisho ya Ngongoti, Baba Mapacha alipata upenyo katikati ya miguu ya majitu. Alikwenda na shanga kichwani, amenyoosha shingo, hatua za kupima. Alibakiza mraba mmoja.

Mfamasia alikuwa amewachunguza watu hawa tangu asubuhi. Aliinama juu ya ubao na kusema kwa sauti ya huruma kabisa, kama asemavyo dirishani kwake kwa wagonjwa, "Pole na mzigo, baba. Tua."

Baba Mapacha alitua.

Kwa mbebaji hilo ni neno kubwa. Anaambiwa beba na kila mtu, lakini tua huambiwa mara chache, na akiambiwa haulizi nani kasema. Aliishusha shanga chini, akajifuta uso kwa kofia, akaikalia. Wenzake nao wakakaa pale pale walipokuwa, wakanyoosha miguu. Mama aliuma ukanda wa mkoba.

"Baba Mapacha," Ngongoti alinong'ona, "bado, mzee wangu. Bado mraba mmoja."

"Nimeambiwa nitue," alisema Baba Mapacha, na uso wake ulikuwa na raha ambayo kijana hakuwa na moyo wa kuivuruga.

Ndipo Mama Mapacha aliposimama na bandeji yake.

"We mwanaume! Nani kakwambia upumzike? Watoto wanakuuliza kila siku, nimewaambia uko kwa mwanamke wa vioo! Nimekosana na watu kwa ajili yako! Beba hiyo kitu uvuke, twende nyumbani!"

Baba Mapacha aliinuka kabla hajamaliza, akajitwika, akavuka.

Mfamasia alikata rufaa. Alisema kete haziruhusiwi kusemeshwa na watazamaji. Refa alifungua kitabu cha kanuni, akasoma mbele na nyuma, akasema kila mchezaji ukumbini anasemesha kete zake na wengine wanaziomba hata dua. Tena aliyeanza kusema na kete isiyo yake ni mfamasia mwenyewe. Kuhusu wake za kete, kitabu kilikuwa kimya. Bao likahesabiwa.

Mama alilia, akajifuta kwa mkate.

Tajiri alitimiza ahadi yake. Kikombe alikipeleka ofisini kwake, kwenye kabati la kioo, kwa sababu ni yeye aliyedhamini. Baba Mapacha alikwenda nyumbani, akalala kwenye droo ya vibanio. Siku hizi hukaa juu ya kioo cha saluni akiwaambia wateja nyuma pakoje, na wanamwamini, maana anapaona. Wenzake ambao nyumba zao zilipatikana walipelekwa. Waliobaki wako kwa mama, wanamtungia uzi kwenye sindano, na macho yake yamepata nafuu.

Na Ngongoti alipata kiti. Ni kiti kizuri, kina mto na mwavuli. Kimewekwa getini kwa ghala. Kazi yake ni kuwapima kwa futi kamba vijana wanaokuja kuomba kubeba, kwa kuwa tajiri ameona afadhali kuchukua warefu, hudumu zaidi. Akimwona anayefaa, anamwitikia kwa kichwa, kijana anaingia. Foleni sasa ni ndefu kuliko zamani na inakunja kona, kwa sababu watu wote wamesikia kwamba hata mbebaji anaweza kushinda akapewa kiti. Ngongoti mwenyewe hapungui tena. Pindo zake hazijaguswa tangu siku ile, na mama kila asubuhi anamfungia chakula cha mchana na kumshukuru Mungu.

Basi, wazazi wenzangu, haya ni ya kuepuka:

Kumsifia mtoto urefu mbele ya watu usiowajua.

Kukunja pindo bila kumpima mwenye suruali.

Kusema mume wa mtu amekimbia, kabla hamjatazama dirishani kwa kantini.

Kulitikisa kopo lolote lenye matundu kifunikoni.

Kumwambia mtu mwenye mzigo atue, kama huna nia ya kumsaidia.

Kazi ambayo anayekuajiri anakutazama kichwani na miguuni, jina hakuulizi.

Geti la ghala la saruji, siku yoyote. Na yule kijana wa pale, aliyekaa chini ya mwavuli, akikwambia mwanao anafaa, mshike mkono mrudi nyumbani. Usimsikilize hata akikuamkia vizuri. Adabu anayo, nimemlea mwenyewe.