Vidonge Kwenye Kopo la Vifungo

Kwa mdogo wangu presha ya mama inashuka. Kwangu inapanda. Basi roho iliniuma mpaka nikakosa usingizi, maana ni kama mashine imepima nyumba zetu mbili na kuipa yake ushindi.

Mimi ni fundi cherehani. Mama anaishi nami tangu baba afariki, na hushinda chumba cha mbele ninakoshonea, akinichambulia vifungo vya wateja: vyeupe huku, vyeusi kule. Mdogo wangu ameolewa mtaa wa pili, ana sebule ya vigae na mume asiyepandisha sauti. Mama akienda kumtembelea anarudi amenawiri, sifa tele mdomoni.

"Kule napumzika, mwanangu."

Kwangu je, nampiga?

Nikaapa kumwonyesha. Chumvi niliifungia kabatini, wanangu wakaanza kwenda kula kwa majirani. Jioni nilimtembeza mama mtaa mzima, nikimsimulia njia nzima ubaya wa mdogo wangu. Presha haikushuka ng'o. Tulipokwenda kliniki, mdogo wangu akamwambia daktari kwa ile sauti yake ya asali, "Dada ana kazi nyingi, maskini. Kama safari ijayo haijashuka, mama ahamie kwangu moja kwa moja."

Maskini! Mimi niliyembeba mgongoni akiwa mchanga!

Dawa zenyewe za presha alikuwa akizinunua yeye. Alizileta kwenye mfuko mzuri kama mahari, na kila mama alipoufungua, ulimi wangu uliwasha. "Meza, mama, meza dawa za kipenzi chako. Sisi wengine kazi yetu kupika tu." Mama alikuwa akicheka. Nilidhani anacheka.

Asubuhi ya kurudi kliniki, nilikuwa natafuta kifungo cha shati la mteja. Nikamwaga kopo la vyeupe mezani. Katikati ya vifungo kulikuwa na vidonge, tena vingi, vimetolewa kwenye karatasi zake ili nione dawa zinapungua.

"Mama, hivi ni nini?"

Akaendelea kuvaa viatu. "Kichwa kikiniuma nameza. Kisipouma naviweka humo."

"Na kwa kipenzi chako?"

"Kule nameza kila siku. Hakuna anayenuna."

Nikakaa kwenye kiti cha cherehani. Sitadanganya, kwanza nilimkasirikia mdogo wangu. Hofu ilikuja baadaye, tukiwa njiani, mama amenishika mkono.

Kliniki tulimkuta mdogo wangu ameshafika. Muuguzi akamfunga mama mkanda, akapima, akarudia. Namba ilikuwa mbaya kuliko zote. Daktari akachukua kalamu. "Dawa hii haimtoshi. Tutamwongezea nyingine." Mdogo wangu akanitupia jicho, nikajua kitanda cha mama kimeshatandikwa kwake.

Nikinyamaza, lawama itabaki kwa dawa na huenda mama akabaki kwangu, ila atarundikiwa dawa juu ya dawa asiyoimeza. Nikisema, nimemkabidhi mdogo wangu mama kwa mikono yangu mwenyewe. Nilimtazama mama. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtoto aliyevunja sahani, na sahani niliivunja mimi.

"Daktari, hamezi," nikasema. "Kwangu hamezi. Namsema kila akizishika, kwa kuwa kazinunua huyu. Anazificha ili mimi nisinune."

Mdogo wangu hakucheka. Afadhali angecheka, ningepata la kumjibu.

Daktari akaweka kalamu chini. "Mama, presha haingoji kichwa kiume. Unaweza kujiona mzima kabisa, huku inakuharibia moyo na figo. Meza hii hii kila siku, hata ukijisikia vizuri, kisha tutapima tena."

"Basi nitamchukua mama," mdogo wangu akasema taratibu. Jioni ile nilimfungia mama nguo zake, na dawa nikaziweka juu kabisa.

Sasa presha imeshuka. Nilipoambiwa nilifurahi, na kabla furaha haijatulia wivu ukapiga hodi. Huo sina dawa yake. Ila kila asubuhi nampigia mama simu kabla ya kukaa kwenye cherehani.

"Meza nikisikia, mama."

"Dada, jamani, mwache anywe chai!" mdogo wangu anapiga kelele kwa nyuma.

Namwacha apige. Simu siikati mpaka nisikie glasi imewekwa mezani.