Nundu Akalala

Saa tatu asubuhi Dada alikuwa bado amekwama juu ya mnara. Si yeye hasa, ni Nundu, shujaa wa riwaya yake, anayetembea na kilima kizima mgongoni. Katika ufalme ule kiti cha enzi hakirithiwi, kinapiganiwa kwa mieleka, na sura ya mwisho ya kitabu cha pili ilimtaka Malkia wa Vichwa Viwili amtupe Nundu chini, kisha Nundu aote mbawa, arudi, atwae kiti.

Nundu mwingine, wa nyama na mifupa, alikuwa jikoni akihangaika na kifuniko cha chupa ya maji. Huyo ni mdogo wake wa tumbo moja, mpiga mieleka, na jina la ulingoni ndilo Dada alilolikopa. Kitabu cha kwanza kilipogombewa na wasomaji, bosi wa mieleka akaja na wazo lake: maonyesho yafuate kitabu. Alichoandika Dada ndicho kilichopiganwa. Kwa hiyo Nundu akitupwa mnarani, mdogo wake Jumamosi atatupwa kutoka kwenye ngazi ya chuma ndefu kama nyumba ya ghorofa. Ngazi ilikwisha kuchomelewa.

Wiki mbili nyuma daktari alikuwa amewaonyesha picha ya shingo. Pingili moja ilikuwa na ufa. Akianguka vibaya mara moja, alisema, hatatembea tena. Walipotoka nje, mdogo mtu alimwapisha dada yake kwa kaburi la mama yao: mtu asijue.

"Jumamosi moja tu, dada. Nikishika huo mkanda wa ubingwa, napumzika."

Hiyo "moja tu" Dada alikuwa ameisikia miaka kumi na moja, na mkanda wenyewe hajawahi kuuona. Mara tatu alijaribu kukwepa. Aliandika Nundu kaugua, bosi akakataa. Akaandika mnara umebomoka usiku, bosi akakataa. Akaandika Malkia kampenda Nundu, bosi akacheka mpaka akakohoa. Leo saa sita mchana kurasa zilikuwa zinakwenda kwa mchapaji. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na shingo yenyewe haikuwa yake.

Hapo ndipo lilipomjia neno la kazi ya mdogo wake. Wapiga mieleka husema kulala. Mkishakubaliana nani ashinde, mwingine analala: anaweka mabega chini, mwamuzi anahesabu tatu, mnakwenda kuoga. Hakuna anayeumia. Dada alikuwa ameishi na neno hilo miaka yote, mezani na kitandani, hata akasahau kwamba watu wengine nao wanalo, na kwao lina maana nyingine. Aliandika bila kuinua kichwa: "Nundu akafika ukingoni mwa mnara. Akakitua kilima chake, akalala. Ufalme wote ukanyamaza." Akaikimbiza karatasi kwa bosi, roho juu juu.

Bosi alikuwa muuza saruji kabla ya mieleka, na ulingo aliujua kwa kuutazama tu. Alisoma mara mbili. Akavua miwani.

"Mwandishi, umeniliza," alisema. "Mtu mkubwa vile, amelala. Sasa asirudi. Mbawa tunaziacha. Anaanguka kutoka juu kabisa, anabaki hapo chini, watu walie."

Na tayari alikuwa na simu sikioni, akimwambia fundi aongeze vipandio vinne.

"Bosi, sikumaanisha kufa. Kulala kwenu nyinyi. Kulala kwa mieleka."

"Kulala ni kulala. Na hii imekaa vizuri zaidi."

Dada alitafuta neno jingine na hakulipata. Yeye, ambaye maneno ndiyo kazi yake, alikuwa ameirefusha ngazi kwa mkono wake mwenyewe. Akapiga moyo konde.

"Shingo yake ina ufa. Akianguka, hatembei tena."

Bosi aliiweka simu mezani taratibu. Tusimwonee, si mtu mbaya. Aliuliza jina la daktari, akasimama akalifuta jina la Nundu ubaoni. Akapiga simu kwa mabosi wenzake wa mieleka, mmoja baada ya mwingine, ili asije mtu akampandisha ulingoni kwa kutojua.

Habari ilimtangulia Dada nyumbani. Mdogo wake alikuwa ameketi kitandani, begi limefungwa, viatu vya ulingoni vimeachwa sakafuni.

"Uliapa kwa kaburi la mama."

"Niliapa."

"Nimelala kwa watu nisiowapa hata salamu. Kila wiki. Jumamosi ilikuwa zamu ya mtu kulala kwangu, dada. Mara moja tu katika maisha yangu."

Dada alitaka kumshika mkono, ule wa kulia uliokuwa haushiki kitu tena, lakini mdogo wake aliuvuta.

"Kaa uandike. Kitabu hakina mwisho."

"Mdogo wangu, niache kwanza."

"Andika. Malkia hakumgusa Nundu. Nundu alilazwa na dada yake."

Aliandika. Mdogo wake alisoma juu ya bega lake, akatikisa kichwa kukubali, akabeba begi kwa mkono wa kushoto na kutoka bila kuaga.

Walikaa ghorofa ya nne. Dada alisimama mlangoni akimsikiliza akishuka ngazi, mguu huu, mguu ule, mpaka chini kabisa. Hakumwita. Alilia kwa sauti, na huku akilia aliendelea kuzisikiliza zile hatua, zote nzima, zikienda zake.