Picha ya Kabla

Kufika saa nne asubuhi alikuwa ameshachuja sufuria ya tatu, na miguu imevimba hadi kandambili zinambana. Kazi yake ilikuwa kuchemsha majani na magome jikoni nyuma ya duka, kuchuja, kisha kujaza chupa. Lebo ilisema: Hupunguza unene, husafisha mishipa ya damu. Juu yake kulikuwa na picha mbili. Ya kwanza yeye, na neno Kabla. Ya pili mdogo wake, mwembamba, na neno Baada. Walifanana sura kama shilingi kwa ya pili, na bosi alipoligundua hilo alifurahi mno. Wenzake jikoni wakambatiza Kabla. Naye alicheka nao, afanyeje?

Daktari alikuwa amemwambia asisimame kutwa, mishipa ya miguu imechoka. Bosi akamwahidi kaunta, kwenye stuli. Asubuhi hiyo aliikuta stuli imekaliwa na mdogo wake, mwenye miezi mitatu tu kazini.

"Dada, sikuomba mimi. Bosi kasema wateja wakiniona wananunua."

"Najua. Kaa tu."

Moyoni hakuwa na "kaa tu" yoyote. Alikionea wivu kile kiuno, na kucha zilizopakwa rangi, lakini zaidi ile stuli. Mtoto aliyembeba mgongoni na kumfuta kamasi, leo amekaa, yeye amesimama.

Bosi akamvuta kando. "Mama, kuanzia leo pitia mlango wa nyuma. Wateja wakikuona hivyo itakuwaje?"

"Hivyo vipi, bosi?"

"Unanielewa."

Saa saba chupa zikaisha dukani. Mdogo wake akaita aletewe nyingine. Kabla akabeba kreti mwenyewe, akatokea mbele, akalitua juu ya kaunta.

Mteja mmoja, mama mnene mwenye miguu iliyovimba kama yake, alikuwa ameshika chupa ya mwisho. Akaitazama lebo, akamtazama yeye.

"Huyu si wewe?"

"Ndiye mimi."

"Na umewahi kuitumia kweli?"

Mdogo wake alimkazia macho, akitikisa kichwa polepole. Kabla alijua akijibu kibarua chake kitaota nyasi, na huenda cha mdogo wake pia. Akaitupia jicho ile stuli.

"Kikombe kila asubuhi," akasema. "Huu mwaka wa sita."

Mteja akairudisha chupa rafuni, lebo ikitazama ukuta.