Dakika Sita Mlangoni

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili mtu asihangaike kumtafuta mwingine. Nimekuwa mjinga siku nyingi, ila nyingi kati ya hizo nilikuwa na wenzangu. Hii ya Kibirichia nilikuwa peke yangu, tena chini ya mvua.

Yote yaliletwa na sinema. Ile ya kuimba, iliyogawanya mji wa Embu kuliko kura. Ilioneshwa ukumbini wiki mbili mfululizo, na kila jioni watu walitoka wakiwa makundi mawili. Mtaa wa Dallas ulisema haijawahi kutengenezwa kazi tamu kama ile. Sisi wa Majimbo tukasema ni kwaya iliyopotea njia ikaangukia kamera. Kinyozi wangu aliwahi kumwacha mteja na nywele upande mmoja ili kwanza amalize hoja.

Mimi nilienda na dada yangu Ruguru. Yeye alibeba leso mbili, mimi nikabeba njugu.

Hadithi yenyewe ni hivi. Kijana amemkosea mchumba wake, anarudi kuomba msamaha. Vizuri sana. Anafika mlangoni. Sasa, wewe na mimi tunajua mlango unabishwa. Huyu habishi. Anaimba! Mvua inaanza kunyesha, yeye anaimba. Mvua inazidi, naye anazidi. Nikatoa simu nikapima: dakika sita. Baadaye baba wa msichana anakata roho, na pumzi ya kuvuta hana, lakini ya kuimba ipo, tena ya beti tatu. Safu yetu ikauliza kwa sauti kama kuna mtu atapigwa hata kofi kabla ya mwisho. Safu ya mbele ilikuwa inalia. Ruguru alimaliza leso zote mbili akahamia kwenye mkono wa koti langu.

"Wewe Njagi una roho ya mawe," aliniambia tulipotoka.

"Roho ninayo. Ila yangu inajua kupiga hodi."

Hapo ningenyamaza, tungekuwa tumemaliza. Lakini mimi mzaha ukinijia lazima niutafutie watu. Ndicho kitu pekee nilichobakiza. Nilikuwa na hoteli, ikafungwa. Nikafuga kuku mia mbili, wakafa wiki moja kana kwamba walikuwa wameitana. Mke wangu alienda kumsalimia mamake mwaka wa elfu mbili kumi na sita, na nadhani bado wanasalimiana. Sasa nauza gambuti sokoni, vile viatu virefu vya mpira vya matope, na mdomo ni wa bure.

Basi nikajirekodi video ya dakika moja. "Jamani," nikasema, "mtu mzima akiulizwa swali, anajibu. Haimbi! Mimi mtu akija kuniimbia langoni, namfungulia mbwa. Dakika sita mlangoni! Kwani hana mdomo wa kusema hodi?" Nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la kamati ya mahari ya mdogo wangu Muchangi, kwa sababu ubishi wa sinema ulikuwa umehamia huko na mambo ya mbuzi yakasahaulika.

Kumbe saa moja kabla ya hapo Kaari, mchumba wa Muchangi, alikuwa amewaingiza kundini mamake na mjomba wake, ili watuelekeze njia ya kwao Kibirichia.

Mjomba, mzee Mwongera, alijibu papo hapo: "Kijana umesema ukweli. Mimi nililala ikiwa katikati." Akaweka vidole gumba vitano. Mama, anayeitwa Celina, hakuandika neno. Zikatokea tu zile alama mbili za bluu.

"Brathe, futa," Muchangi akanipigia simu. "Mama Kaari ameiona hiyo sinema mara nne! Ameenda mpaka Meru mjini kuiona. Futa!"

"Nifute ya nini, na mzee ameshaipenda?"

Sasa elewa hali ya Muchangi. Safari ya mahari ilikuwa imeahirishwa mara mbili. Mara ya kwanza tulikuwa na matanga. Mara ya pili niliongoza msafara mimi, kwa sababu naijua njia, tukapotea tukajikuta Timau. Watu wa Kaari wakachoka. Wakatuambia mara ya tatu ni ya mwisho: ikifika saa sita mchana tukiwa bado nje ya lango, turudi kwetu salama, na kuna mwalimu mmoja mwenye ng'ombe wanne wa maziwa amekuwa akiulizia habari za Kaari. Muchangi hana ng'ombe. Ana Kaari tu, naye walikuwa wamengojana miaka mitatu.

Jumamosi tulifika saa nne unusu. Baridi ya Kibirichia haina adabu, inaingilia hata kwenye masikio. Viazi vilikuwa vimetoa maua meupe pande zote za njia, na mwisho wa njia kulikuwa na lango la bati la bluu, limefungwa.

Kufungwa hakukututisha. Kwetu na kwao, siku ya mahari lango halifunguliwi kwa mkono. Wanawake wa upande wa bwana wanaimba wakiwa nje, wa upande wa bibi wanajibu wakiwa ndani, wanaulizana, wanachokozana, mpaka wa ndani waridhike. Nimesimama kwenye malango kama hayo labda mara kumi na tano, na naapa sijawahi kuona kwamba kule ni kuimba. Nilijua ni utaratibu.

Ruguru akaanzisha. Wenzake wanane wakapokea. Walikuwa wamefanya mazoezi wiki nzima na sauti zilitoka kama maziwa. Wakafika pale ambapo wa ndani hujibu, wakanyamaza kungoja.

Ndani, kimya. Jogoo akawika, basi.

Wakarudia. Kimya. Wakarudia tena kwa nguvu hadi Ruguru akakohoa. Kidirisha kidogo cha lango kikafunguka, na badala ya uso ikatokea simu. Kisha nikasikia sauti ninayoijua vizuri ikisema: "Jamani, mtu mzima akiulizwa swali, anajibu. Haimbi!"

Waliicheza yote, mpaka kwenye mbwa. Wanawake wetu wakageuka, wote wanane na Ruguru wa tisa, wakaniangalia kama watu wanaochagua mbuzi.

Simu ikaondoka, uso wa Mama Celina ukaja. "Njagi ni yupi?"

"Ni mimi, mama."

"Karibu sana. Hapa ni kwa watu wazima, hatutakusumbua na makelele. Mmekuja kufanya nini?"

Nikaona mambo yamekuwa rahisi. Nikakohoa, nikavuta koti. "Mama, tumekuja kumwomba Kaari awe mke wa ndugu yetu Muchangi."

"Nimesikia. Asante."

Kidirisha kikafungwa.

Tukangoja. Nikabisha.

"Nani?"

"Njagi, mama."

"Si umeshasema? Mtu mzima akisema, amemaliza."

"Sasa... mtufungulie."

"Hilo si swali. Na sisi hujibu maswali."

"Mtatufungulia?"

"La."

Ndani nikasikia sauti ya mzee Mwongera, na moyo ukafurahi. "Celina, wafungulie bwana. Mimi nakubaliana na huyo kijana, na mbuzi inaungua."

"Wewe Mwongera ukikubaliana naye, pita hapa utoke nje mkakubaliane huko kwa baridi."

Nikasikia hatua za mzee zikirudi kwenye mbuzi. Ndivyo nilivyompoteza rafiki yangu wa pekee katika kaunti ya Meru.

Nikajaribu hotuba. Nikajaribu methali. Nikasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kutoka ndani nikaambiwa wenyeji wako wazima, hawajambo. Nikapitisha mtungi wa asali juu ya lango, mikono fulani ikaupokea, ikasema asante, na lango likabaki lilivyo. Nikachungulia saa. Saa tano na nusu.

Nikamgeukia Ruguru. "Imbeni tena basi. Nyie ndio mnajua."

"Sisi?" Alikuwa ameketi juu ya jiwe, anavua viatu. "Sisi si kwaya iliyopotea njia? Imba wewe."

"Ruguru, mimi ni mwanamume."

"Hata yule wa sinema alikuwa mwanamume."

Hapo Muchangi akanigeukia. Alikuwa amesimama na suti yake mpya, ua limeanza kunyauka kifuani. Aliongea polepole, bila hasira, na hiyo ndiyo ilinichoma. "Brathe, mara ya pili ulinipeleka Timau sikusema. Leo hii lango umelifunga wewe. Nifungulie."

Basi nikaimba.

Nikagundua jambo moja ambalo wanaume tunalificha: mimi huo wimbo wa lango najua kiitikio tu. Miaka yote wanawake huongoza, sisi tunanguruma nyuma, "ii, ii," tukifikiria nyama. Kwa hivyo nikaitikia. Peke yangu, bila mwongozaji. Ni kama kumjibu mtu ambaye hajafika. Watoto wa jirani wakapanda juu ya ua kutazama, mmoja akaita mamake.

Kiitikio kikaisha maana. Nikaanza kutunga. Nikaimba kwamba ndugu yangu ni mpole, hapigi kelele, anajua kupika uji. Nikaimba kwamba hana ng'ombe lakini ana gambuti za bure maisha yote. Ndani mtu akacheka. Nikapata nguvu, nikaimba kuhusu Timau, na kuhusu kuku wangu, sijui kuku waliingiaje. Sauti yangu ilipanda mahali isipotakiwa na ikashindwa kushuka.

Halafu mvua ikaanza.

Sasa sikuwa mbele ya skrini nikimcheka mtu mwingine. Nilikuwa nimelowa kama kiazi kinachooshwa, na kila tone lilikuwa linanikumbusha njugu zile. Wanawake wetu walikuwa chini ya miamvuli. Hakuna aliyeniita. Muchangi alitoka mwavulini akaja akasimama kando yangu, akalowa suti yake, na hapo nikasahau mzaha. Nikaimba kwamba mjinga ni mimi, si yeye. Nikarudia hiyo sehemu mara kadhaa, kwa sababu ndiyo pekee niliyokuwa na uhakika nayo.

Upande wa ndani sauti moja ikajibu. Nyembamba, inatetemeka kidogo. Muchangi akashika lango kwa mikono miwili. Alikuwa Kaari, ambaye kwa desturi hafai kusikika kabisa siku hiyo. Nikasikia mtu akimwambia nyamaza, naye hakunyamaza. Kisha shangazi mmoja akamsaidia, kisha mwingine. Ruguru akaruka kutoka kwenye jiwe bila viatu, akanipokonya wimbo kama mtu anayemwokoa mtoto barabarani, na wenzake wanane wakaingia na vigelegele.

Komeo likalia. Lango likafunguliwa zikiwa zimebaki dakika nane kufika saa sita.

Sitasimulia mengine, nyama ilikuwa nzuri, iliungua upande mmoja tu. Muchangi na Kaari waliketishwa pamoja, naye mwalimu wa ng'ombe wanne apate heri kwingine. Mimi nilipewa blanketi na kiti karibu na moto, nguo zangu zikitoa mvuke, na mzee Mwongera akaja kuketi kando yangu kwa siri kama mtu wa chama kilichopigwa marufuku.

"Lakini sinema bado ni mbaya," akaninong'oneza.

Na mimi, nikiwa nimeshiba na nimepata joto, nikasahau nilichofunzwa. Mama Celina alikuwa anapita na birika la chai. Nikasema, kwa heshima zote: "Mama, sasa tumekuwa watu wa nyumba moja, tuambiane ukweli. Kuimba nakubali. Lakini yule kijana alizidisha! Dakika sita mlangoni, kweli?"

Mama Celina akanijazia kikombe mpaka juu. Akaweka birika chini, akatoa simu mfukoni, akaniwekea mbele ya macho.

"Wewe nimekupima," akasema. "Ishirini na mbili. Na yule alikuwa anajua kuimba."